Usiniambie Wapi, Niambie Lini

Jana nimekutana nayo tena ile orodha. Mnaijua. Maporomoko kumi ya kuona kabla hujafa, picha kumi, rangi zimekolezwa mpaka maji yamekuwa ya bluu kama sabuni ya unga, na chini ya kila picha jina na nchi, basi. Mwezi hakuna. Hata mmoja! Nimeshuka mpaka mwisho kabisa kule kwenye matangazo nikitafuta "Aprili" au "kiangazi" au hata neno "mvua" tu, wapi. Yaani mtu anakutuma ukaone maji yanavyoanguka halafu anasahau kukwambia kama maji yenyewe yatakuwepo.

Hasira zangu zina chanzo. Nilishawahi kufika Victoria Falls, upande wa Zambia, mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa nimekariri kila kitu, upana mita 1,708, kimo mita 108, jina la wenyeji Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na kwenye basi nilichekelea peke yangu kwamba hiyo "mosi" ni moshi huu huu wetu. Nikashuka na koti la mvua mkononi, nikatembea mpaka ukingoni, nikakuta ukuta. Jiwe jeusi, kavu, nyasi zimeota kwenye nyufa, na mjusi mmoja kajianika pale pale ambapo kwenye picha pana povu. Moshi hakuna, ngurumo hakuna. Kwa mbali kule upande wa Zimbabwe ndo kulikuwa na maji yanashuka, na mimi niko huku na koti langu.

Kulikuwa na mzee anafagia njia. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuombea maji (na safari hii kweli nilikuwa naomba maji), mzee, maji yako wapi? Akaegemea fagio, akaniangalia kama ninavyomwangalia mtu anayetafuta embe kwenye mgomba. Akasema bado yako njiani.

Nikadhani ananitania. Kumbe ndo jibu sahihi kuliko yote niliyowahi kupewa safarini. Mvua inayoujaza Zambezi, mto wenyewe wa maporomoko haya, inanyesha mbali huko, Angola na kaskazini magharibi mwa Zambia, kuanzia Novemba hivi, halafu maji yanafika mbuga za Barotse, magharibi mwa Zambia, yanatandaa, yanakaa, hayana haraka, yanakuja kufika kwenye maporomoko kwa wingi Machi, Aprili, Mei, wakati pale pale penyewe mvua imeshaanza kukata. Sasa wewe unaangalia hali ya hewa ya pale kwenye simu unajipangia safari, unaangalia mawingu ambayo hayahusiki.

Na hapo ni asili tu. Kuna sehemu ambapo mkono wa mtu ndo uko kwenye koki. Niagara, hiyo hiyo ya kadi za posta, Marekani na Canada wana mkataba wa mwaka 1950 unaosema msimu wa watalii mchana yapite maji yasiyopungua mita za ujazo kama 2,832 kwa sekunde, usiku na msimu wa baridi wanaruhusiwa kuyapunguza mpaka nusu, mengine yanaenda kwenye mitambo ya umeme. Kwa hiyo yale maporomoko yana zamu! Mwaka 1969 upande wa Marekani ulizibwa kabisa kwa miezi kadhaa wahandisi wachunguze miamba, na watu wakaja kwa wingi kutazama ukavu. Angalau wao walijua wanakwenda kutazama nini.

Maporomoko ya Tis Abay kule Ethiopia, hiyo nayo jina lake ni moshi, maji yake mengi huchepushwa kwenda kuzalisha umeme, ukienda kiangazi unakuta nyuzi nyuzi. Nenda Agosti au Septemba.

Inayoniuma lakini ni Guaíra, mpakani mwa Brazil na Paraguay, kwenye mto Paraná. Yalikuwa kati ya maporomoko yenye maji mengi kuliko yote duniani. Oktoba 1982 bwawa la Itaipu lilijazwa, ikachukua siku kama 14, yakazama. Hakuna msimu wa kwenda tena. Leo kundi la watalii linashuka kwenye basi kupiga selfi na ukuta wa Itaipu, na mwongozaji anataja megawati 14,000 kwa bashasha. Sawa, umeme nautumia na mimi, hata hii naandika kwa umeme. Ila jamani mngeweka hata dakika moja ya kunyamaza.

Maziwa sina ugomvi nayo sana, ingawa Baikal kule Urusi, ya Machi na ya Agosti ni safari mbili tofauti, moja unatembea juu ya barafu yake, nyingine unaogelea kama una roho ngumu.

Haya, nakubali kwa shingo upande, ule ukavu wa Oktoba una faida zake. Unauona mwamba wenyewe ulivyochanika, unaelewa mto unavyolikata jiwe, na kuna lile bwawa la ukingoni kabisa watu wanaogelea, ambalo maji yakijaa huthubutu. Lakini hiyo ndo ingeandikwa! Andikeni, Oktoba njoo uone jiwe, Aprili njoo uone maji. Sentensi moja tu.

Mimi nilirudi Aprili. Ngurumo niliisikia kabla sijafika getini. Nikasimama pale pale nilipomwonea mjusi wangu ng'ambo ya korongo, mvuke ukapanda kutoka chini ukanivaa, nikalowa mpaka soksi, simu ikafa, na kwa muda wote niliokaa pale sikuona kitu. Weupe mtupu.