Mwenye ndoo chini ya bwawa

Wanaotaka kila samaki anayevuliwa chini ya mabwawa ya Mto Tennessee, huko Marekani, arudishwe majini wana hoja nzito. Mto huo una mabwawa tisa kwenye mkondo wake mkuu. Samaki wanaopanda majira ya kuchipua kwenda kutaga hugota ukutani. Mitambo ya kufua umeme nayo huvuta samaki wadogo wa jamii ya dagaa kutoka bwawani na kuwatema upande wa pili wakiwa wamekufa au wamezubaa, na besi (samaki wawindaji wanaopendwa na wavuvi) pamoja na kambare huja kula karamu hiyo. Mita mia chache za maji zinabeba samaki waliotoka mbali. Anayevua pale, wasema watu hawa, anawinda ng'ombe zizini, na ndoo ikijaa anajidanganya kwamba mto mzima umejaa.

Sina ubishi na hilo. Wingi wa ukutani si wingi wa mto. Ninapotofautiana nao ni pale lawama inapomwangukia mtu wa ukingoni, mwenye kiti cha kukunja na ndoo, huku sifa zikimwendea mwenye mashua anayempiga samaki picha, akamwachia, kisha akatupa ndoano tena mpaka jioni. Huyu wa pili anahesabiwa kuwa hajaua kitu.

Tuangalie hesabu yake, hasa kwa besi milia, samaki anayetamaniwa sana chini ya mabwawa hayo. Asili yake ni pwani ya Atlantiki, naye hapendi maji ya moto. Kiangazi hukimbilia penye ubaridi, na mara nyingi ubaridi huo uko chini ya bwawa, ambako maji hutolewa kutoka kilindini. Akinaswa hupigana mpaka nguvu zimwishe, na maji ya joto yana oksijeni haba ya kumrudishia uhai. Utafiti uliofanywa katika bwawa la Tims Ford, jimbo la Tennessee, na kuchapishwa mwaka 1998, ulifuatilia besi milia walioachiwa baada ya kunaswa. Katika kipindi cha joto kali, takriban theluthi mbili walikufa. Msimu wa baridi idadi hiyo ilishuka sana.

Theluthi mbili! Mtu amenasa tisa na kuwaachia wote. Sita hao wanaenda kufa mbali na macho yake. Mtu atasema, na ni haki aseme, kwamba Tims Ford ni maji ya bwawani, si mkondo unaotoka chini ya ukuta, ambao huwa baridi zaidi. Haya, tupunguze nusu nzima, ibaki theluthi moja. Bado tisa wale wametoa maiti watatu, na hakuna aliyeliwa. Katika sehemu kubwa ya maji ya Tennessee, anayevua kwa ajili ya kitoweo anaruhusiwa besi milia wawili kwa siku, akifikisha idadi hiyo anafunga virago. Wa mashua hana kikomo, kwa sababu sheria huhesabu wanaobebwa tu.

Mwenye ndoo, kwa upande wake, mara nyingi hata si besi anaowafuata. Anataka kambare, tena wa wastani, wa kutosha kikaango. Kambare hutaga mayai kwa maelfu na dume hulinda kiota, hivyo wadogo hurudi kujaza pengo upesi. Hatari iko kwa wale wakubwa. Kambare bluu anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na jitu la aina hiyo likiondolewa halipatikani tena msimu ujao. Ndiyo maana majimbo ya Tennessee na Alabama yameweka kikomo cha kambare mmoja tu kwa siku anayezidi inchi 34, yaani kama sentimita 86. Kanuni hiyo inamgusa mwenye kutafuta picha na mwenye kuuza majitu yakiwa hai kwa mabwawa ya kuvulia kwa malipo, kuliko anayewaza chakula cha jioni.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kumtetea. Kuna sehemu za mto huu, Fort Loudoun ikiwa mfano, ambako mamlaka zimewaonya watu wasile kambare kwa sababu ya PCB, kemikali za viwandani zenye sumu, zilizotulia kwenye tope. Atakayeendelea kula anajidhuru mwenyewe, na bango moja la onyo haliwatoshi watu wanaotegemea samaki hao. Usalama pia ni suala zito: king'ora cha bwawa kikilia kuonya kwamba maji yanaachiwa, maji hupanda kwa dakika chache. Alabama inamlazimisha kila aliye chomboni ndani ya futi 800 chini ya bwawa la umeme kuvaa jaketi la kuokolea, na sioni wa kuilaumu.

Tusisahau pia mwenye bwawa. Maji ya kilindini hutoka yakiwa na oksijeni kidogo, na kwa miaka mingi yaliwabana samaki kuliko ndoano yoyote. Katika miaka ya 1990 TVA, shirika la serikali linaloyaendesha mabwawa hayo, liliweka mitambo ya kuingiza hewa na oksijeni katika maji yanayoachiwa kwenye mabwawa kadhaa. Nikipewa kuchagua kati ya kazi hiyo na marufuku ya ndoo, sihitaji kufikiri mara mbili.

Kwa hiyo nikiulizwa kanuni, ningefunga uvuvi wa besi milia chini ya ukuta katika miezi ya joto kali, kwa anayekula na anayeachia vilevile. Kambare wakubwa wabaki na kikomo chao. Wadogo waachiwe watu wa ukingoni, ambao hawana mashua ya kuwapeleka kwingine.