Mpagazi asiyeshika mzigo sana

Mwalimu mwenzangu hapa Tabora anashikilia kwamba kuchora umbo la protini hadi atomu ya mwisho ni anasa ya nchi tajiri, na dawa hupatikana kwa kujaribu tu. Ana hoja. Leptomisini B, kizuizi mashuhuri cha protini zinazotoka kwenye kiini cha seli, ilipatikana kwa bakteria miaka ya 1980. Mlengwa wake, protini iitwayo CRM1, alijulikana kupitia jenetiki ya hamira. Mwaka 1997 ikathibitika kuwa CRM1 ndiyo mpagazi mwenyewe, anayezibeba protini nyingine kuzitoa kiinini, na umbo lake likiwa na mzigo halikuonekana hadi 2009.

Sawa. Lakini kuna jambo linalonisumbua kila nikilifikiria: ile alama ya kutokea iliyo kwenye mzigo, kipande kifupi chenye lusini kadhaa (lusini ni mojawapo ya asidi amino, matofali ya protini), CRM1 huishika kwa ulegevu. Kwa nini? Akili ya kawaida ingetaka mshiko imara. Maabara zilipotengeneza alama zinazoshikwa sana, mzigo ulikwama kwenye mlango wa kiini, upande wa nje, pamoja na CRM1. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika Bagamoyo akashindwa kuitua pembe ya ndovu begani, atarudije Unyanyembe kuchukua nyingine?

Picha za 2009 zilisaidia kuueleza utaratibu huo. CRM1 imejikunja kama ngata. Ran, protini ndogo msaidizi iliyoshika molekuli ya GTP, imekumbatiwa ndani, mzigo umekaa kwenye mfereji wa nje, na viwili hivyo havigusani. Ng'ambo ya mlango GTP inakatwa, Ran inatoka, ngata inabadilika umbo, mfereji unabana na mzigo unaanguka.

Humo humo mferejini kuna sisteini, asidi amino ya 528 katika mnyororo wa CRM1. Leptomisini B huing'ang'ania isiachie, na ilipojaribiwa kwa wagonjwa madhara yalizidi. Selineksori, dawa iliyobuniwa kwa kuuangalia mfereji huo, hushika sisteini ileile lakini huachia polepole. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019 kwa saratani ya uboho iitwayo maieloma. Kichefuchefu na kupungua uzito bado vipo, tusipambe.

Mwenzangu anasema hatuna mashine za kupigia picha hizo. Kweli hatuna. Ila faili la 3GJX, lenye umbo hilo la 2009, hufunguka bure mtandaoni, hata kwenye simu. Nilipolionyesha darasani, mwanafunzi wa nyuma aliuliza: "Mwalimu, mbona mzigo uko nje ya ngata?"