Wanaopima watoto wetu watuachie majibu

Sina ugomvi na kampuni inayolipwa kuja kupima kama watoto wetu wanajua kusoma. Nasema mapema, maana hapa Dar ukigusa habari ya washauri elekezi na wafadhili, mazungumzo yanahamia haraka kwenye mabeberu na magari yao meupe, hoja yenyewe inapotea. Mwalimu hawezi kujisahihishia mtihani, na wizara vilevile. Tena mwaka 2018 sisi wenyewe tulirekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa hatari kutoa namba zinazopingana na takwimu rasmi, mpaka ilipolegezwa tena 2019. Nchi iliyopitia hapo ina kila sababu ya kutaka jicho la mtu wa nje.

Na jicho hilo limetufaa. Kuanzia 2010 Uwezo, mpango wa asasi za kiraia, walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto wa miaka 7 hadi 16 jaribio la kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2013 shirika la RTI la Marekani, kwa fedha za USAID, shirika la misaada la serikali yao, likapima wanafunzi wa darasa la pili na kukuta asilimia 8 tu ndio wanaosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Namba ile iliuma, na sidhani kama bila aibu yake mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 ungekuja kwa kasi uliyokuja nayo. EQUIP-T, mradi wa Waingereza wa kuboresha elimu ya msingi, nao ulitathminiwa na kampuni ya ushauri ya Oxford Policy Management mara tatu: 2014, 2016 na 2018. Kazi za maana zote.

Kinachonikera ni kinachofuata gari likishaondoka.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi huku Temeke, na zoezi la namna hii nimelishuhudia. Mtoto ameitwa pembeni, kakalishwa kwenye kiti cha mwalimu, miguu haifiki chini. Mdodosaji kampa karatasi iliyofunikwa plastiki, yeye mwenyewe kashika kishikwambi. Sekunde 60 zinaanza kuhesabika. Kila neno analokosea mtoto, mdodosaji analigusa kwenye skrini. Muda ukiisha anagusa neno la mwisho, hesabu inajifanya yenyewe. Mtoto akishindwa mstari wote wa kwanza, sehemu hiyo inakatwa asizidi kuumbuka. Halafu "hongera, rudi darasani", kwa aliyesoma kama anakunywa maji na kwa ambaye hakutamka hata neno moja. Wamefundishwa hivyo, na wamefundishwa vizuri.

Mwalimu wa darasa akasogea: "Samahani kaka, wangu wamefanyaje?" Akajibiwa kwa upole kwamba matokeo hayatolewi shuleni, yatakuwa kwenye ripoti. Kwenye kikao mwalimu mkuu alituambia bila hata kunung'unika: "Ndugu wajumbe, wakija nawapa chumba, nawapa watoto, nawasainia. Ripoti sijawahi kuishika."

Sasa fikiria kilichomo ndani ya kile kishikwambi. Mzazi wa Dar hana upungufu wa mitihani: kuna wa wiki, wa mwezi, wa ujirani mwema, mock ya wilaya, mock ya mkoa, na kila mmoja una mchango wake wa karatasi (hilo nalo lina makala yake). Yote hiyo inakupa alama na nafasi ya mtoto darasani. Haikwambii kwamba nusu ya darasa inakwama kwenye silabi kama "nywa" na "ngwe", au kwamba wanasoma mbio na hawaelewi walichosoma. Kile kipimo cha kigeni kinajua. Kinajua, kisha kinaondoka na jibu.

Wataalamu watanijibu kwamba watoto wachache waliochaguliwa kwa bahati nasibu hawatoshi kuihukumu shule moja. Ni kweli, na sitaki shule ihukumiwe. Baraza la Mitihani (NECTA) wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 na sijaona tulichopoteza. Lakini mwalimu hahitaji hukumu ili ajue Jumatatu aanze na silabi zipi. Uwezo walikuwa wanamwambia mzazi palepale barazani mtoto wake kafikia wapi, na mbingu hazikuanguka.

Kuna la pili, zito zaidi: data ghafi inakaa kwa nani? Februari 2025, huko Marekani kwenyewe, mikataba 89 ya taasisi ya utafiti ya wizara yao ya elimu ilikatwa kwa mkupuo, na miaka mingi ya kufuatilia wanafunzi ikakatika katikati. Kufikia Julai mosi mwaka huohuo USAID nayo ikafungwa. Ofisi iliyozoea kununua ripoti bila kujifunza kupima inaamka asubuhi haina ripoti wala kipimo. Na hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake. Pale shuleni kwetu sikusikia mtu akisema nani ni nani. Mzazi hakuulizwa, saini ya mwalimu mkuu ilitosha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika hadidu za rejea za kazi hizi pale Dodoma ni fupi. Data ghafi, majina yakiwa yameondolewa, ikabidhiwe NECTA na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na ripoti. Mzazi aulizwe. Na kila shule iliyopimwa ipate ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla muhula haujafungwa, mwalimu mkuu asaini kuupokea, na bila saini hizo awamu ya mwisho ya malipo isitoke. Saini yake ilitosha kuwaruhusu kuingia darasani. Itoshe pia kuwaruhusu kulipwa.