Pasipo Picha Pana Wenyewe

Wapangaji wa ardhi na wahifadhi wamepata njia ya mkato: ukitaka kujua watu wanathamini mandhari gani, usihangaike na hojaji, tazama wanachoposti. Hoja hiyo naiunga mkono nusu. Nusu iliyobaki inanitia wasiwasi.

Nianze na ninachokubali. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake mahali na saa zilipopigwa. Mwaka 2013 mtafiti Spencer Wood na wenzake walichukua picha za Flickr, mtandao wa kuwekea picha, kutoka vivutio 836 duniani, wakazilinganisha na idadi ya wageni iliyopatikana kwa njia za kawaida. Mtu akipiga picha mia kwa siku moja kwenye maporomoko yaleyale, walimhesabu mara moja tu, ili mwenye kidole chepesi asiwafunike wengine. Hesabu zikakaribiana vya kutosha. Kwa hifadhi isiyo na fedha za kuweka karani kwenye kila njia, hilo si jambo dogo.

Lakini kuhesabu waliofika si sawa na kujua mahali pana thamani gani, wala kwa nani.

Mei 2024, katika mji wa Fujikawaguchiko nchini Japani, uliwekwa wavu mweusi kando ya barabara, wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5. Ng'ambo yake kuna duka la kawaida kabisa, na juu ya paa lake Mlima Fuji unachomoza kana kwamba duka limeubeba. Wageni walifurika hapo kupiga picha, wakavuka barabara ovyo, wakaacha taka, wakaegesha magari yao kwenye kliniki ya meno iliyo jirani. Ukiiuliza ramani iliyochorwa kwa picha zinazopostiwa, nukta hiyo ingewaka kama dhahabu. Ungewauliza wenyeji siku zile, wangekuonyesha wavu. Na huyo mgeni mwenyewe alipenda nini hasa? Mlima, kichekesho cha mlima kukaa juu ya duka, au alitaka tu kuwa na picha aliyokwisha kuiona kwa mwenzake? Programu ya kutambua picha itaandika "mlima" na kusonga mbele.

Hapo walau kuna picha za kubishania. Kinachonikera zaidi ni sehemu tupu za ramani. Kipya kinyemi: anayepita chini ya mti uleule kila asubuhi hautolei simu. Pana mahali pa kuchota maji, pa kuchungia, pa kuzikia, na kwingine kupiga picha ni utovu wa adabu. Yupo asiye na simu ya kamera, na yupo aliye nayo lakini haoni sababu ya kumtangazia mtu mto wake. Wote hao kwenye ramani hawapo. Utafiti wa Henrikki Tenkanen na wenzake wa mwaka 2017, uliohusu hifadhi za taifa 56 za Finland na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa mitandao huakisi wageni vizuri zaidi kwenye hifadhi maarufu. Kwenye zisizo na umaarufu, yaani zile zinazohitaji sana mtetezi, kipimo kinalegea.

Tena kipimo chenyewe ni cha kuazima. Panoramio, tovuti ya picha za mahali iliyowahi kutegemewa na watafiti, ilifungwa mwaka 2016. Twitter, ambayo sasa ni X, nayo ikawafungia watafiti njia ya bure ya kupata data yake mwaka 2023. Mwenye duka akifunga, utafiti umekwama.

Sisemi tuzitupe picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini huko Yunnan, China, wakapiga picha za maisha yao kisha wakakaa kuzijadili, na yaliyotoka humo yakawafikia watunga sera. Tofauti iko hapo: picha ilikuja na mwenyewe, na mwenyewe akaulizwa. Kazi hiyo ni ya polepole, haiwezi kufanywa kwa vivutio 836 kwa mkupuo. Basi ifanywe kwanza pale ambapo kuna msitu wa kukatwa, mto wa kuzibwa au barabara ya kupitishwa, na kwa sheria, kabla tingatinga halijawashwa. Kupanga vyoo na maegesho ya watalii, hapo Instagram inatosha.