Gari Limegoma, Mafundi Tele

Ukitaka kujua mji wetu wa Busia, huku Uganda mpakani na Kenya, una mafundi wangapi, usijisumbue kwenda gereji. Fungua boneti tu kando ya barabara. Hata hujalisimamisha na kile chuma chake, watu wameshakuzunguka, mikono nyuma, wanatikisa vichwa kama waliokuja kumtazama maiti. Gereji penyewe ukienda, fundi hayupo. Kaenda Tororo kufuata spea, simu kaizima, na kijana aliyemwachia kazi anajua kuosha magari peke yake.

Gari langu ni la Kijapani, otomatiki, limetumika kwao likachoka ndipo likaletwa huku kuanza kazi. Liliingia nchini kabla ya ile sheria ya 2018 iliyokataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo umri wake msiniulize. Mtu mzima haulizwi umri. Ndani ya dashibodi anakaa dada mmoja wa Kijapani ambaye kila nikifungua swichi ananidai, kwa adabu na sauti nyororo, kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Namjibu kila siku: dada yangu, hapa ni Busia, barabara ya kulipia iko Entebbe, na mimi nakwenda soko la Sofia kununua muhogo. Hasikii. Kesho anadai tena.

Sasa Jumamosi tuna arusi Iganga, binti wa shemeji anaolewa. Mama watoto kajipamba, kakaa mbele na mkoba mapajani. Watoto nyuma wanagombania dirisha. Nafungua swichi: dada wa Kijapani kimya. Hanidai chochote! Hapo moyo ukanipasuka, maana mdai wako akinyamaza ujue kuna jambo. Napiga stata: ta-ta-ta-ta-ta. Taa za dashibodi zikapepesa zikafifia. Napiga tena: ta. Mara ya tatu hata hiyo "ta" moja nikanyimwa.

"Umelifanya nini?" mama watoto akauliza.

Mimi! Gari likiwaka ni letu, likigoma ni langu.

Nikafungua boneti, na mkutano ukaanza. Wa kwanza kufika alikuwa Hajji wa nyumba ya pili. Akainama, akatazama, akanyanyuka. "Hiki ni kijicho," akasema. "Umeliosha jana, watu wameliona linang'aa." Nikamwambia Hajji, gari hili mara ya mwisho kung'aa lilikuwa bandarini. Akasema basi soma dua. Nilikuwa nimeshazisoma zote, pamoja na za safari ya baharini.

Akaja kijana wa boda. Yeye kila ugonjwa duniani ni plagi. Pikipiki ikizimika ni plagi, jenereta ni plagi, nadhani hata mkewe akinuna anatafuta plagi. "Mzee, toa plagi tuzisugue." Akaja muuza betri, ambaye hata hakutazama. Alisikia habari akiwa dukani kwake, akavuka barabara na bei mdomoni: "Hiyo imekufa. Laki nne, mpya, na ya zamani naichukua mimi."

Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyeuliza gari lilisema nini. Na gari husema! Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, hapo utafute mafuta au moto wa plagi. Betri haina kesi. Ikigonga "ta" moja kubwa wakati taa zinawaka vizuri, mshuku stata yenyewe. Ikiwa kimya kabisa na taa zinawaka, kwanza tazama gia iko P (ya kuegesha) au N (huru), kwa sababu otomatiki haipigi stata ikiwa kwenye D (ya kwenda mbele), kisha uende kwenye fyuzi. Lakini ta-ta-ta na taa kufifia, huo ni umeme haufiki. Mgonjwa keshasema tumbo linauma, madaktari wanampima miguu!

Ndipo akatokea afande. Ni mstaafu, anakaa kwenye kona, na Kiswahili chake ni kile cha kambini ambacho neno "tafadhali" halijawahi kusajiliwa. "Wote nyuma! Shika gari! Sukuma!"

"Afande, shikamoo. Hili ni otomatiki, halisukumwi likawaka."

"Nani kasema? Sisi tulisukuma lori la jeshi, limejaa magunia ya maharage, likawaka."

Nikajaribu kumweleza. Gari la klachi ukilisukuma, magurudumu yanaizungusha injini, inashika. Otomatiki gia zake hushikwa na presha ya oili, na pampu ya hiyo oili inazungushwa na injini. Injini imelala, pampu imelala, magurudumu yanazunguka bure. Unaweza kulisukuma mpaka Malaba, utakachopata ni kufika Malaba.

Afande alinisikiliza hadi mwisho, nikafurahi. Kisha akageukia watu: "Sukuma!"

Wakasukuma. Barabara yetu ina mteremko, na vijana walikuwa na nguvu za asubuhi. Mimi kwenye usukani nikaona miti inapita, kuku wanaruka, mama watoto kashika mkoba kwa mikono miwili anasoma Ayatul Kursiyu. Na breki, injini ikiwa imezimwa, inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Gari likaja kutulia mbele kabisa ya meza ya mama anayekaanga chapati, puani kwa jiko lake, likamziba yeye na foleni yake yote ya wateja.

Huyu mama anakaanga rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa ajili ya madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Kutwa anasikia injini zinavyowaka na zinavyogoma, na mabishano ya wenyewe. Hakunisalimu. Alisema tu, kijiko mkononi: "Washa taa kubwa. Piga stata."

Nikawasha, nikapiga. Taa zikazima kabisa, nilipoachia ufunguo zikarudi kidogo kidogo.

"Tazama vichwa vya betri," akasema, akageuza chapati.

Tukatazama. Jamani! Kwenye kichwa cha hasi ulikuwa umeota unga mweupe wenye ukijani, mnene, mpaka kile kishikio cha waya kimevimba. Mwana wa mama huyo anafunga sola, ana mita ya kupimia umeme. Akaigusisha kwenye vichwa vya risasi vya betri yenyewe: volti 12.4. Betri nzima kabisa ni kama 12.6, kwa hiyo hii ilikuwa imechoka kidogo, haijafa. Nikapiga stata, ikashuka kidogo tu. Akahamisha mguu mmoja wa mita kwenye kishikio cha waya, nikapiga tena: ikaanguka mpaka 5. Umeme upo, umekwama kwenye kutu. Nikamtazama muuza betri. Muuza betri akatazama mpakani, kana kwamba kuna lori lake linavuka.

Sasa ikatakiwa spana namba 10. Mafundi wote wale, si mmoja aliyekuwa nayo. Gereji wana namba 8, 12, 14, wana hata ile ya kufungua tairi za trekta, lakini 10 wanaisikia tu. Muuza betri akakohoa. "Mimi ninayo dukani. Lakini ni ya wateja." Mwishowe kijana wa boda akaitoa chini ya kiti cha pikipiki yake, akanikodisha kwa shilingi 2,000, akasimama karibu nami muda wote kama askari wa benki.

"Anza kufungua hasi," mama chapati akaamrisha, "na kufunga iwe ya mwisho, spana isije ikagusa bodi ikakulipukia cheche." Afande alitaka kupinga, akatazamwa, akanyamaza. Kisha mama akatia magadi ya kupikia maharage kwenye maji moto ya chai, akamimina pale penye unga. Povu likafoka, likachemka, ule unga ukayeyuka ukatiririka. Kijana akasugua risasi kwa msasa mpaka ikang'aa kama senti mpya, akasugua na kishikio kwa ndani, akakaza.

Nikafungua swichi. Dada wa Kijapani akadai kadi yake! Sijawahi kufurahia kudaiwa namna ile. Nikapiga stata, injini ikashika mara moja, watu wakapiga makofi.

Makofi yalipoisha ikaanza soda. Waliosukuma wanataka soda. Hajji hataki soda, anataka nikumbuke nani alitaja dua. Afande anasema bila yeye gari lisingefika kwa mama chapati, na ukweli huo sikuwa na jibu lake. Muuza betri naye akanyoosha mkono, eti alishika boneti. Mama chapati nilipomuuliza nimlipe nini alisema, "Ondoa gari, wateja wangu hawapiti." Nilipoanza kuondoka akanifuata dirishani: "Na usilizime haraka. Betri imechoka, iache ijichaji njiani."

Maneno yale nikayashika kwa mikono miwili. Bugiri watoto wakataka maji, nikateremka injini inanguruma. Kituo cha mafuta kijana akaniambia zima ndipo niweke, nikamshukuru nikaendelea na safari. Robo tangi inatosha kwa mtu mwenye imani. Mama watoto akasema, "Si limeshapona?" Nikamwambia hospitalini mgonjwa hafukuzwi siku ile ile.

Iganga tukafika arusi imeanza. Nikaegesha karibu na turubai, nikamweka mpwa wangu ndani ya gari alinde, injini inanguruma taratibu, nikaingia nikakaa mstari wa nyuma karibu na masufuria. Shehe akaanza hotuba yake. Akasita. Akaanza tena, akasita. Kijana mmoja akamsogelea mshika spika akamnong'oneza, na yule akapiga kipaza sauti kwa kidole mara mbili.

"Samahani wageni waalikwa. Mwenye gari lililo nje hapo kwenye turubai, tunamwomba sana alizime. Shehe hasikiki."

Turubai zima likageuka nyuma kumtafuta mwenye gari. Na mimi nikageuka.