Anayeuza makaa ya mawe asiwe ndiye anayetuambia ni nishati safi

Shangazi yangu anaishi Mbalizi, Mbeya. Juzi alinipigia simu, na baada ya kumaliza habari za wajomba, za mahindi na za baridi, akafika kwenye lililomsukuma kupiga. "Mwanangu, huu mkaa wa serikali wa makaa ya mawe, nikiuingiza ndani usiku nipate joto, una neno? Maana kiongozi alikuja hapa akasema ni nishati safi."

Nilimwambia asithubutu. Akaniahidi, tukaagana, nami nikabaki na hasira ambayo mpaka leo haijatulia.

Kila Juni na Julai, baridi ikibana Mbeya, Njombe na Makete, tunasoma habari ileile: familia imelala na jiko la mkaa chumbani, asubuhi majirani wamevunja mlango. Wazee wa kule wanalijua hili. Shangazi yangu analijua tangu akiwa binti mdogo, na ndiye aliyenifundisha mimi kwamba jiko halilali na watu. Leo mtu mwenye kipaza sauti amemfanya aanze kuutilia shaka ujuzi ambao umemweka hai miaka yote hii. Hilo ndilo lililonichoma.

Nazungumzia Rafiki Briquettes, mkaa mbadala unaotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kwa makaa ya mawe. Mmeuona. Umepelekwa kwenye maonyesho, umegawiwa kwa mama lishe, umeingia magerezani, na kila unapotajwa jukwaani unatajwa pamoja na nishati safi ya kupikia, kana kwamba unakaa safu moja na gesi na umeme.

Haukai safu moja. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeuweka moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba katika Kundi la 1, yaani vitu ambavyo ushahidi umethibitisha kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Sigara imo humo. Moshi wa kuni umewekwa Kundi la 2A, la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Makundi hayo yanapima uhakika wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa sumu, kwa hiyo sisemi kuni ni salama. Serikali yenyewe inasema Watanzania zaidi ya 33,000 hufa kila mwaka kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa kupikia, na kila ninayemjua aliyekulia kwenye jiko la mafiga ana kikohozi cha mama yake kichwani. Ninachosema ni kwamba tunamtoa mama kwenye kitu kinachoshukiwa tukimpeleka kwenye kitu kilichokwisha kuthibitishwa, halafu tunampongeza.

Ushahidi huo ulipatikana kwa maisha ya watu. Xuanwei, katika jimbo la Yunnan kule China, wanawake ambao hawakuwahi kugusa sigara walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichowashangaza madaktari. Walikuwa wakipikia makaa ya mawe ndani, bila bomba la moshi. Watafiti walifuatilia wakulima zaidi ya 20,000, na kwa wale waliobadili jiko wakaweka lenye bomba, hatari ya saratani hiyo ilishuka kwa karibu nusu kwa wanawake. Jimbo jirani la Guizhou, watu walikausha mahindi na pilipili juu ya moto wa makaa ya mawe. Mamilioni wakaharibika meno, wengine mifupa, kwa floraidi, madini yaliyoingia kwenye chakula pamoja na moshi huo. Sehemu ya floraidi hiyo ilitoka kwenye udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na vumbi la makaa ili lishikane. Kwa hiyo swali la kinachoshikilia vumbi la mkaa mbadala ni swali la afya, na mpishi ana haki ya kulijibiwa.

Najua nitakachojibiwa: huo ni moshi wa makaa ghafi, haya yetu yamechakatwa, yamepimwa, hayatoi moshi. Sawa, kuchakata kunapunguza moshi, na hilo ni jambo jema. Lakini kinachoua usiku Makete si moshi unaouona. Ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mkaa unaowaka bila moshi ndio unaomdanganya mtu kuwa hewa ni nzuri.

Na hili nalo limekwisha kumtokea mtu mwingine, tena hivi karibuni. Mji wa Ulaanbaatar, Mongolia, ulipiga marufuku makaa ghafi Mei 2019, na kampuni ya serikali ikaanza kuuza makaa ya mawe yaliyochakatwa na kubanwa vipande, kwa bei ya ruzuku. Hewa ya nje ya mji ikawa afadhali, na lazima wapewe sifa yao kwa hilo. Ndani ya nyumba, msimu wa baridi ulipoingia mwaka huohuo, mamia ya watu walipelekwa hospitali kwa sumu ya kaboni monoksidi na baadhi wakafa. Bidhaa ilikuwa ya serikali, imepimwa, imesifiwa, na watu waliiwasha kwenye majiko yao ya zamani.

Sasa tuulize nani anafaidika na sifa hizi. STAMICO ni shirika la umma chini ya Wizara ya Madini. Makaa yanatoka Kiwira, kule Songwe. Serikali ndiyo mwenye mgodi, mwenye kiwanda, mnunuzi mkubwa kupitia taasisi zake, mpiga debe jukwaani, na mdhibiti wa ubora. Katika mechi hii mchezaji, refa na mtangazaji wamevaa jezi moja. Simshutumu mfanyakazi yeyote wa shirika hilo kwa nia mbaya; kazi yake ni kuuza na anaifanya. Lakini muuzaji hapaswi kuwa ndiye anayeandika nini ni safi.

Halafu ni Kiwira! Watu wa rika langu hawawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka. Mgodi uliojengwa kwa msaada wa Wachina katika miaka ya 1980 ukabinafsishwa mwaka 2005 kwa kampuni ya TanPower Resources, ambayo magazeti na wabunge waliihusisha na Rais Mkapa na aliyekuwa waziri wake wa nishati na madini, Daniel Yona. Kelele zikapigwa miaka ile ya 2008, na mwishowe mgodi ukarudi mikononi mwa umma. Umerudi, vizuri. Ila historia hiyo inatosha kutufanya tudai karatasi kila makaa ya Kiwira yanapotafutiwa soko na wanasiasa.

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Januari 2007 Barack Obama, akiwa seneta wa Illinois, alishirikiana na Jim Bunning wa Kentucky, mtu wa chama pinzani, kuwasilisha muswada wa kuvipa nafuu viwanda vya kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta ya magari. Kutengeneza na kuchoma mafuta hayo, bila kuikamata hewa ukaa kiwandani, hutoa karibu mara mbili ya hewa ukaa ya petroli ya kawaida. Waulizeni wanaoishi karibu na kiwanda cha kampuni ya Sasol kule Secunda, Afrika Kusini, kinachogeuza makaa kuwa mafuta. Obama hakuwa mjinga. Jimbo lake lilikuwa na makaa chini ya ardhi na kampuni za makaa juu yake, na siasa yake ikainama upande huo. Wanamazingira walimbana, na ilipofika Juni akaweka sharti lenye tarakimu: ataunga mkono tu mafuta yatakayotoa angalau asilimia 20 pungufu ya hewa ukaa ya petroli. Alibanwa kwa namba, akajibu kwa namba. Sisi tunajibiwa kwa kaulimbiu.

Nakiri kwa shingo upande kwamba hoja ya misitu ina uzito. Takwimu za Serikali zinataja upotevu wa karibu hekta 470,000 za misitu kila mwaka, na mkaa wa miti una mkono mkubwa hapo. Gereza linalolisha mamia ya watu, lenye jiko kubwa la nje na bomba refu, likitumia makaa ya mawe kwa kipindi cha mpito badala ya kumaliza pori zima, sitalala barabarani kulipinga. Na gesi ni ghali. Mama anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kutoa hela ya mtungi kwa mara moja. Hilo ni kweli kabisa.

Lakini hii ni nchi yenye gesi asilia inayokadiriwa futi za ujazo trilioni 57, yenye bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na sasa Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 pale Rufiji. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nitaumia sana tukifika 2034 tukisherehekea asilimia hizo huku kaya za makaa ya mawe zikiwa zimehesabiwa humo ndani. Fedha ya kupigia debe makaa ingewekwa kwenye mkopo wa jiko la umeme kwa akina mama, nisingeandika makala haya.

Waziri wa Madini atakaposimama Dodoma kusoma bajeti yake, naomba mbunge mmoja tu, wa chama chochote, aombe haya yawekwe mezani: kipimo cha kaboni monoksidi, salfa, floraidi na chembechembe za vumbi, kilichochukuliwa ndani ya jiko la kawaida la mama wa Kitanzania, mlango ukiwa umefungwa, onyo la Kiswahili, kwa herufi kubwa, juu ya kila mfuko, kwamba usiwashwe chumba cha kulala, na jina la maabara iliyopima.