Mimi na mshale wangu wa mafuta, nani muongo zaidi

Jamani mwenzenu nina pikapu. Ya mwaka 1994, dizeli, milango miwili, yote inafunguka kwa nje tu, kwa hiyo nikiwa peke yangu nashukia dirishani kama mwizi wa gari langu mwenyewe. Hilo nimelizoea. Mita ya kilometa nayo iligoma kitambo, inasoma namba ileile kila siku kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua, hilo nalo sina neno. Kilichonizeesha mimi ni geji ya mafuta.

Yaani ukiwasha gari asubuhi mshale unaamka vizuri tu, unapanda pole pole mpaka robo, unafikiria fikiria pale, unarudi kulala kwenye E. Tuta la kwanza unaruka mpaka robo tatu. Tuta la pili chali. Ukipiga dashibodi ngumi unastuka, unasimama kidogo kukuheshimu, ukitoa mkono tu umeshalala. Mama watoto akasema huo mshale ni kama mjomba wako, anaamka akisikia sahani.

Sasa shida ya kitu kinachosema uongo ni kwamba unazoea kukibishia. Kila siku mshale unaniambia huna mafuta na mimi najua jana nimeweka ya elfu hamsini, basi nikaacha kumsikiliza, nikawa nakwenda kwa hesabu za kichwa. Ya elfu thelathini Mzumbe kwenda na kurudi mara mbili na chenji inabaki, nikiwa nimebeba mzigo toa kidogo, nikiwa na mama mkwe toa zaidi maana hapo lazima niende taratibu na gia ndogo. Nikajaribu kupima kwa kijiti, tenki lina kona pale mdomoni kijiti kinagota. Nikajaribu kwa mpira, ukajikunja. Mwisho tukawa tunafanya hivi, vijana wawili wanashika bodi wanatikisa gari, mimi niko chini nimetega sikio kwenye tenki kama mkunga. Nikisikia chubwi chubwi tunaenda. Tumeishi hivyo miezi saba.

Siku ya siku nimetoka Ruaha Mbuyuni na gunia za vitunguu, narudi zangu Moro, mama watoto pembeni. Mikumi mjini pale nikapita sheli mbili. Akaniambia baba watoto mshale uko chini. Nikamwambia mke wangu huo mshale uko chini tangu mwaka jana. Akanyamaza. Ule ukimya wake mimi naujua, ni wa kuweka akiba.

Mnaijua ile barabara, kutoka Mikumi mjini kuja Doma unakatiza katikati ya hifadhi, kilometa kama 50 hivi, pori huku pori huku, na hairuhusiwi kushuka kwenye gari ovyo ovyo maana wenye mji wapo. Tumefika katikati, saa kumi na mbili inagonga, gari ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikavuta kama mita mia hivi kwa huruma yake yenyewe halafu kimya. Mshale uko kwenye E. Siku hiyo peke yake tangu niufahamu, ulikuwa unasema kweli.

Nyani wakaja wa kwanza. Kumi na kitu hivi, wamekaa pembeni ya lami wanaangalia kama wanakamati. Mmoja dume kubwa akapanda bodini bila hata hodi, akatoboa gunia, akatoa kitunguu, akang'ata. Akakitema. Akaniangalia mimi kwenye kioo kwa nyuma, aisee sijawahi kudharauliwa vile na binadamu yeyote. Akachukua kingine kuhakikisha. Upande wa pili kule mbali tembo wanavuka zao taratibu, mama watoto hageuki, anaangalia mbele, anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilisema mshale uko chini."

Dereva wa lori ndo alituokoa, akatupa lita tano kwenye dumu, bei yake sitaitaja hapa maana mama watoto anasoma. Na mnaotumia dizeli mnajua, ikishakata mpaka hewa ikaingia, kumimina mafuta peke yake haisaidii, lazima ufungue boneti uanze kubonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta, unalegeza nati unatoa upepo, unabonyeza tena, mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Nimebonyeza pale jasho linatoka na jicho moja liko kwa tembo. Ikawaka. Nikaapa kesho yake natengeneza geji hata kwa kuuza kitanda.

Fundi wa kwanza akafungua dashibodi, akachungulia, akafyonza, akasema geji imekufa hii mzee. Ikaagizwa nyingine used kutoka Dar, ikaja na basi imefungwa kwenye fulana. Kumbe haiuzwi geji peke yake, inakuja dashibodi nzima na mita zake zote. Basi gari yangu ikalala ina kilometa laki tatu na themanini ikaamka ina elfu tisini na sita, imekuwa kijana kuliko mwanangu wa kwanza. Mshale sasa? Ukapanda robo, ukafikiria fikiria, ukalala. Fundi akasema labda unahitaji kuzoea gari. Geji inazoea gari! Nimemlipa.

Wa pili huyo alikuwa na maelezo mengi. Akanichorea kwenye vumbi, ndani ya tenki kuna floti, lile boya kama la tenki la choo, mafuta yakipanda linapanda yakishuka linashuka, na mkono wake unasugua kwenye kidude kinachobadilisha ukinzani wa umeme, ndo mshale unajua wapi pa kukaa. Nikamwelewa kabisa. Akasema sasa hiyo floti imekufa, inabidi tushushe tenki. Na mimi mwenzenu ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wanatangaza bei mpya, kwa hiyo Jumanne usiku nilikuwa nimekwenda kujaza full tenki kwa kuogopa. Yaani miezi saba naendesha na matone, siku nimejaza ndo siku ya kushusha tenki. Yakamwagwa kwenye madumu. Zilitoka lita 60, jioni nikarudishiwa 52. Nikauliza nane ziko wapi, eti mzee mafuta huwa yanakauka na jua. Dizeli hiyo. Sio spiriti.

Akafunga floti ya gari ya aina nyingine maana ya kwangu hakuipata, akasema zote ni boya tu. Nikawasha, na full tenki yangu, mshale kwenye E. Nikatembea wiki nzima, kadiri mafuta yanavyoisha ndivyo mshale unavyopanda! Nimekaribia kukaukiwa unaonyesha F. Kumbe kuna floti zinasoma kinyume, aina hii ikijaa ukinzani unashuka, aina ile ikijaa unapanda, ukichanganya geji ya huku na floti ya kule ndo hivyo. Na matuta bado unaruka vilevile. Lakini mimi nikasema poa, nitaishi nayo kinyume, nikafurahi hata, maana kila nikiishiwa mshale unanipa moyo. Tatizo shemeji aliomba gari kwenda kwenye msiba, nikasahau kumwambia. Akaona F, akamshukuru Mungu kwa kuwa na shemeji muungwana, akaondoka. Alizima njiani na akina mama kumi na moja na masufuria ya msiba. Mpaka leo ananiita "bwana full".

Wa tatu ni kadogo tu, haongei, anakula muwa. Akasema weka swichi on usipige stata. Akaingia uvunguni na kipande cha waya. Akachomoa soketi ya tenki, akagusisha ule waya wa kwenda kwenye geji na chesesi, lile fremu la chuma la gari. "Mshale?" Nikamwambia unapanda. Unapanda pole pole kama mzee kwenye ngazi mpaka ukafika F ukatulia. Akasema geji nzima, waya mzima, anatafuna muwa. Kisha akaufuata waya mweusi, ule wa ethi, wa kurudisha umeme, unapofungwa na nati kwenye chesesi, akaniita nione. Kutu imevimba pale kama andazi. Ndo basi. Mkondo unakosa pa kurudia, gari ikitikisika unagusa, ikitulia haugusi, mshale ndo unalala na kuamka.

Akauliza floti yako ya zamani iko wapi. Bodaboda mbio nyumbani, nimekuta kitinda mimba kaifunga kamba anavulia samaki kwenye ndoo. Tumenyang'anyana analia. Fundi akaipima na mita, mkono chini inasoma ukinzani wa ohm 110, mkono juu ohm 3, nzima kama ilivyotoka Japani, haikuwahi kuumwa hata siku moja. Akairudisha, akafungua nati kwa spana namba kumi, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, grisi kidogo, akakaza. Elfu kumi. Dashibodi ya Dar, tenki kushushwa, lita nane zilizokauka na jua, halafu elfu kumi na msasa.

Sasa mshale unasema kweli. Nimefurahi siku mbili.

Maana ngoja niwaambie kitu ambacho sikukijua. Miezi yote ile jirani akija, jirani nisaidie kubeba mchanga tripu moja tu, namwita mpaka dirishani namwonyesha, ona mwenyewe, mshale uko chini, sina hata tone. Anaona kwa macho yake, anaondoka ananihurumia. Kanisani wakitaka viti, mshale. Mjomba akitaka kuhamisha kabati, mshale. Jumamosi jirani kaja, kabla sijafungua mdomo kachungulia mwenyewe dirishani, "Aa, leo iko nusu!" Na mama watoto yuko mlangoni, anasema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Iko nusu na kidogo jirani, ilitengenezwa." Tumebeba tripu nne. Kesho ni kabati la mjomba.

Ile nati ya ethi iko kushoto, nyuma ya tairi, hata kulala chini huhitaji. Spana namba kumi ninayo hapa mfukoni, nasubiri mama watoto alale.